Tambo Kabla ya Msimu na Tumaini la Mkristo

Katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani, uko uwanja wa mpira ambao tangu mwaka 1962 tiketi zake zote zimekuwa zikiuzwa kila timu ya chuo kikuu inapocheza nyumbani. Uwanja huo unachukua zaidi ya watu 80,000. Wenyeji hupenda kusema kwamba Jumamosi ya mchezo uwanja wao hugeuka kuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo lote, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Wanaochezewa shangwe hizo si watu wazima wenye wake na watoto. Wengi ni vijana wa miaka 18 hadi 23, wanafunzi, ambao mwaka mmojamiwili nyuma walikuwa bado wanakula chakula cha mama zao.

Naleta habari hii katika kitabu cha imani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya undugu. Nebraska ina Walutheri wengi, na Sinodi ya Nebraska ni ndugu wa Dayosisi ya Kaskazini ya kanisa letu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mezani na wageni kutoka huko, wenye kofia nyekundu zenye herufi N, anajua kwamba baada ya sala na chai mazungumzo huelekea kwenye mpira, na kwamba wazee wenye heshima zao, wanaoshika mkoba wa sadaka kanisani, hubishana juu ya mpira huo kwa macho yanayowaka. Sababu ya pili ni kwamba ubishi wao unagusa jambo ambalo sisi wahubiri hulitaja kila Jumapili bila kulichunguza sana. Jambo hilo ni tumaini.

Nieleze kidogo mchezo wenyewe, maana si soka tunayoijua. Mpira wake una umbo la yai, na hubebwa au kurushwa kwa mikono. Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, na ikifanikiwa hupewa nafasi nne nyingine, mpaka ifike mwisho wa uwanja au ishindwe. Karibu kila nafasi huanza kwa mpira kupewa mtu mmoja, anayeitwa kwotabeki. Yeye huutazama ulinzi wa wapinzani, huamua ndani ya sekunde mbili au tatu ampe nani, amrushie nani au akimbie nao mwenyewe, huku watu wenye kilo zaidi ya 100 wakimjia kumwangusha. Katika soka mshambuliaji anaweza kucheza vibaya na beki akaiokoa timu. Katika mchezo huu kwotabeki akiyumba ni vigumu wengine kumficha. Na nafasi yake ni moja tu. Timu inaweza kuwa na vijana watatu au wanne wanaoitaka, lakini anayeanza ni mmoja.

Sasa tazama kalenda. Msimu wa kawaida una michezo 12, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba. Baada ya hapo ni michezo michache ya mwisho ya Desemba na Januari, kisha kimya. Timu nyingi hukaa karibu miezi minane au tisa bila kucheza na mtu. Katikati ya kimya hicho kuna mazoezi ya majira ya kuchipua, Machi na Aprili, na kwa miaka mingi vyuo vimekuwa vikiyafunga kwa mchezo ambao timu hujigawa na kucheza yenyewe kwa yenyewe. Nebraska makumi ya maelfu ya watu wamekuwa wakilipa kiingilio kuutazama mchezo ambao haiwezekani timu yao ikaupoteza! Kijana akirusha pasi moja nzuri siku hiyo, jioni yake amekwisha kulinganishwa na mashujaa wa zamani. Miezi yote inayobaki watu huishi kwa maneno: nani ameongeza misuli, nani kocha alimtaja kwanza, nani alionekana akifanya mazoezi peke yake saa kumi na moja alfajiri. Sisi tunazijua tambo za Agosti, Simba na Yanga wanapotambulisha wachezaji wapya, kila mmoja akiwa mkombozi kabla hajagusa mpira wa ligi. Zidisha hizo kwa miezi minane.

Nebraska ni mfano mzuri kwa sababu tambo zake zina kumbukumbu ndani yake. Chuo hicho kilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1970 na 1971, kikarudia 1994 na 1995, na tena 1997, mwaka ambao heshima hiyo iligawanywa kati yake na Michigan. Kwotabeki wa timu ile ya 1997 alikuwa Scott Frost, mzaliwa wa Lincoln. Kabla ya ubingwa huo mashabiki wa nyumbani waliwahi kumzomea. Baada ya ubingwa hakuna aliyekumbuka kuwa alimzomea. Miaka 20 baadaye Frost alikuwa kocha katika chuo kimoja cha Florida, akakiongoza msimu mzima wa 2017 bila kupoteza hata mchezo mmoja, na Desemba mwaka huo Nebraska ikamwita nyumbani. Furaha yake ilikuwa kama ya watu waliomwona Yusufu akiwa hai.

Msimu wa kwanza, 2018, walishinda michezo 4 na kupoteza 8. Ungedhani tambo zingepoa. Badala yake, kabla ya msimu wa 2019 kuanza, waandishi wanaopiga kura ya shirika la Associated Press waliiweka Nebraska nafasi ya 24 katika taifa zima. Timu iliyopoteza michezo 8! Ilimaliza na ushindi 5 na hasara 7. Mwaka 2021 ilishinda 3 na kupoteza 9, na katika hasara zote 9 hapakuwa na hata moja iliyofikia tofauti ya pointi 10. Walikuwa wakipoteza karibu na mlango, kila juma. Septemba 2022 Frost aliondolewa akiwa na ushindi 16 na hasara 31.

Kwa hiyo swali ni hili: yale yaliyokuwa ndani ya mioyo ya watu wale kila mwezi wa Agosti, je, yalikuwa tumaini? Mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 11, anaihusisha imani na mambo yatarajiwayo na yasiyoonekana. Shabiki naye anatarajia, naye haoni. Kuna wahubiri ambao wangeliishia hapo na kusema, haya basi, tuwe kama mashabiki, tumtumaini Mungu kama wanavyoitumaini timu yao. Mimi siko tayari kwenda njia hiyo, ingawa ni fupi na ingechekesha kusanyiko.

Sababu yangu ni kwamba shabiki wa Agosti hatumaini yasiyoonekana. Anakusanya yanayoonekana, tena kwa bidii kubwa, kisha anachagua yanayompendeza. Kijana ana urefu wa mita 1.93. Alipokuwa sekondari wapimaji walimpa nyota tano, maana huko vijana wa sekondari hupewa nyota moja hadi tano kama hoteli. Baba yake alicheza, mjomba wake alicheza. Haya yote ni macho yanayofanya kazi. Samweli alifika nyumbani kwa Yese akiwa na macho hayohayo. Alipomwona Eliabu, kifua na kimo, alikata shauri moyoni palepale, na Mungu akamkataza asitazame urefu. Naye Samweli alikuwa na sababu ya kujua zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtia mafuta Sauli, mtu aliyewapita Waisraeli wote kuanzia mabega kwenda juu, na alikuwa bado anamlilia Sauli huyo. Nabii aliyekwisha kuumizwa na kimo alikuwa tayari kuumizwa tena na kimo.

Kura za kabla ya msimu zimejaa akina Eliabu. Mwaka 2012 chuo cha Southern California kiliwekwa namba 1 kabla mpira haujapigwa; kilimaliza kwa ushindi 7 na hasara 6, nje kabisa ya orodha. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Texas, kwa mara ya kwanza katika historia yake kuanza ikiwa namba 1 katika kura hiyo, na kwotabeki wake alikuwa Arch Manning, ambaye babu yake na baba zake wadogo wawili ni majina makubwa ya mchezo huo. Mchezo wa kwanza kabisa walipoteza kwa Ohio State, 14 kwa 7, na mwanzoni mwa Oktoba walikuwa wamekwisha toka katika 25 bora. Kwa upande mwingine Auburn ya 2010 ilianza ikiwa ya 22, na ikamaliza ikiwa bingwa. Mtu anaweza kusema, hiyo ndiyo raha ya mchezo, na ni kweli. Lakini angalia kinachompata kijana katikati ya hesabu hizo. Arch Manning hakujiweka namba 1. Waliomweka ni watu wazima, na watu wazima haohao ndio waliomcheka Septemba.

Mtume Paulo, katika Warumi 5, ana mpangilio wa mambo ambao tumeuzoea mno kiasi kwamba hautushangazi tena. Anaanza na dhiki. Kutoka dhiki anakwenda kwenye saburi, kutoka saburi kwenye uthabiti wa moyo, na tumaini analiweka mwisho wa mstari, likiwa limezaliwa na yote yaliyotangulia. Tambo za kabla ya msimu huanza pale anapomalizia Paulo. Tumaini linakuja Aprili, dhiki inakuja Oktoba, na kwa kuwa tumaini lile halikuzaliwa na kitu chochote, linapokutana na dhiki halina mama wa kumkimbilia. Hapo ndipo hugeuka kuwa hasira, na hasira hutafuta mtu.

Walutheri tuna neno la kusema hapa, tukitaka kulisema. Mwaka 1518 kule Heidelberg, Luther alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba, na tofauti aliyoiona ni ya uaminifu wa maneno: wa kwanza huita ubaya wema na wema ubaya, wa pili hukiita kitu kwa jina lake. Sijasoma popote kwamba Luther alijua habari za mpira wa Kimarekani, lakini angewatambua wale wanaotazama ushindi 4 na hasara 8 wakaona nafasi ya 24. Kuna namna ya kutumaini ambayo kwa kweli ni kukataa kutazama. Tunaijua hospitalini, pale ndugu wanapomkataza daktari asimwambie mgonjwa, na mchungaji anapoombwa ahubiri uponyaji tu, asiseme neno lolote la kumwandaa mtu. Tumaini la Kikristo linaweza kuvumilia kuambiwa ukweli, maana liliwahi kusimama kaburini Ijumaa jioni.

Lakini nimesema hasira hutafuta mtu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo kuliko kwenye orodha za namba.

Ubishi mkubwa wa kipindi cha kimya ni wa nani ataanza. Vyuo vingi huuingia kila mwaka. Michigan mwaka 1999 kocha alishindwa kukata shauri, akawa anamwanzisha mmoja robo ya kwanza na mwingine robo ya pili, kisha anamchagua wa kumalizia. Wale wawili walikuwa Drew Henson, kijana wa nyumbani aliyesifiwa kuliko wote, na Tom Brady, ambaye wengi walitamani akae benchi. Brady huyo baadaye alishinda Super Bowl mara 7. Mfano huo unapendwa sana na wahubiri wa mafanikio, na mimi nauacha hapohapo, maana vijana wengi waliokaa benchi hawakushinda Super Bowl hata mara moja, nao pia wana roho.

Unaonigusa ni wa Alabama. Januari 8, 2018, katika fainali ya taifa mjini Atlanta, Alabama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma ya Georgia kwa pointi 13 kwa 0. Kwotabeki wake alikuwa Jalen Hurts, aliyekuwa na miaka 19. Katika misimu miwili, michezo aliyoianza na timu ikapoteza ilikuwa miwili tu. Kocha Nick Saban akamweka benchi mbele ya taifa zima na kumwingiza Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alabama ikashinda kwa muda wa nyongeza, 26 kwa 23, kwa pasi ya Tagovailoa. Kamera zilimtafuta Hurts, zikamkuta anaruka na kushangilia pamoja na wenzake.

Kisha kimya kikaanza. Kuanzia Januari hadi Agosti watu walibishana, Hurts au Tagovailoa, vinyozini, kazini, na bila shaka kwenye ngazi za kanisa baada ya ibada. Mmoja hajui kurusha. Mwingine hajakomaa. Mmoja ana moyo, mwingine ana mkono. Agosti Hurts alizungumza na waandishi, na alichosema ni kwamba katika muda wote huo hakuna mtu aliyemwuliza yeye anajisikiaje, makocha wakiwemo.

Naomba msomaji akae na neno hilo kidogo. Jimbo zima lilikuwa likimzungumza. Pengine hapakuwa na kijana wa umri wake Alabama aliyetajwa kwa jina mara nyingi zaidi yake mwaka ule. Na hakuna aliyemwuliza.

Katika hesabu yetu, amri ya nane ni ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Luther katika Katekisimo Ndogo hakuridhika na kukataza uongo. Alitufundisha pia kumtetea jirani, kumnenea mema, na kuyatafsiri mambo yake kwa namna iliyo njema. Watoto wetu wa kipaimara hukariri jambo hilo, na bado nadhani ni amri inayovunjwa kwa amani ya moyo kuliko zote, kwa sababu mara nyingi tunayoyasema juu ya mtu si ya uongo. Ni kweli pasi ilikatwa. Ni kweli alisitasita. Mtu husema, “Mimi nasema ukweli tu.” Lakini jirani aliyegeuzwa kuwa mada ya ukweli wetu, kwa miezi minane, bila hata mmoja kumwuliza hali, huyo ameondolewa katika ujirani.

Wengine watajibu kwamba siku hizi wachezaji hao wanalipwa. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata fedha kwa kutumia majina yao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Hoja ni kwamba aliyepokea fedha asilalamike akitukanwa. Hoja hii ni ya zamani na haihusu Marekani peke yake. Tunaisikia kwa dereva wa daladala, kwa mwalimu, kwa msichana wa kazi. Mshahara hununua kazi. Haujapata kununua haki ya kumdharau aliyeifanya, na anayeamini kwamba umeinunua asome barua ya Yakobo sura ya 5, aone Bwana wa majeshi anasikia nini kutoka mashambani.

Liko shindano la namna hii katika Biblia, nami nashangaa jinsi tunavyolihubiri kwa nadra. Yuda ameanguka, nafasi iko wazi, nayo ni moja. Petro anataja sifa zinazotakiwa: awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku ile Bwana alipochukuliwa juu. Wanasimamishwa wawili. Mmoja ni Yusufu aitwaye Barsaba, ambaye alikuwa pia na jina la Yusto. Mwingine ni Mathiya. Wanaomba, wanapiga kura, na kura inamwangukia Mathiya.

Barsaba alikwenda wapi jioni ile? Matendo ya Mitume hayasemi. Alikuwa na majina mawili ya heshima, na aliorodheshwa wa kwanza, jambo ambalo lingetosha kabisa kuwapa wafuasi wake maneno ya kusema. Alikuwa na sifa zote. Hakuna kosa lolote linalotajwa dhidi yake. Hakuchaguliwa, basi. Sura inayofuata Roho anashuka juu yao wote walipokuwa mahali pamoja, na sioni sababu ya kudhani kwamba Barsaba alikuwa amebaki nyumbani. Moto uliokaa juu ya kichwa cha Mathiya ulikaa na juu ya kichwa chake.

Na kuna jambo jingine ambalo huniliwaza. Mathiya naye hatajwi tena. Yule aliyeshinda na yule aliyeshindwa wanatoweka katika kitabu pamoja, kwenye ukurasa mmoja. Luka hana haja ya kutuonyesha kwamba uchaguzi ulikuwa sahihi kwa kutuhesabia miujiza ya Mathiya. Nafasi ile ilikuwa ya huduma, na huduma ikaendelea.

Hurts alibaki Alabama msimu wote wa 2018 akiwa wa pili. Desemba 1, katika uwanja uleule wa Atlanta, dhidi ya Georgia ileile, Tagovailoa aliumia katika robo ya mwisho, Alabama ikiwa nyuma 28 kwa 21. Hurts akainuka benchini, akarusha pasi ya kusawazisha, kisha akakimbia mwenyewe na mpira kufunga bao la ushindi, 35 kwa 28. Mwezi uleule alihitimu shahada yake. Mwaka uliofuata akahamia Oklahoma. Ningeweza kuendelea na kusimulia ya baadaye, Super Bowl ya 2025 na tuzo aliyopewa, lakini naogopa tukifika huko tutaanza tena kusema alibarikiwa kwa sababu alivumilia, na wale waliovumilia bila kuitwa kutoka benchini tutakuwa tumewaacha nje.

Ni haki niseme pia kwamba kuhama si dhambi. Siku hizi mchezaji anayekosa nafasi huandikisha jina lake na kwenda chuo kingine, na tangu 2021 anaweza kufanya hivyo bila kukaa mwaka mzima nje. Wazee hulalamika kwamba vijana hawana subira. Joe Burrow alikaa Ohio State miaka mitatu, akaona mlango umefungwa, akahamia Louisiana State mwaka 2018, na msimu wa 2019 timu yake ilishinda michezo yote 15. Yohana Marko naye aliwekwa benchi na mtume mkubwa. Paulo hakumtaka safarini, Barnaba akamchukua wakaenda Kipro. Miaka baadaye Paulo yuleyule, akiwa kifungoni, aliandika aletewe Marko kwa kuwa anamfaa. Kama Barnaba asingekubali kumchukua aliyekataliwa, sijui kama Paulo angepata wa kumwita.

Sasa niwatetee kidogo mashabiki, kwa sababu nimewasema mengi. Msimu ule wa 2021, wa ushindi 3 na hasara 9, uwanja wa Lincoln haukubaki na tiketi isiyouzwa. Hiyo si tambo. Watu walikuwa wamekwisha kuona, Septemba, Oktoba, Novemba, na walivaa nguo zao nyekundu wakaenda kukaa kwenye baridi. Katika jambo hilo naona kitu kinachokaribia saburi ya Paulo kuliko kelele zote za Aprili. Mzee anayekwenda na mjukuu wake kuitazama timu inayopoteza, na kumfundisha kuwapigia makofi hata wapinzani wanapotoka uwanjani, kama ilivyo desturi ya watu wa Nebraska, huyo amejifunza kupenda kitu bila kukidai kimkomboe. Timu ikiondolewa mzigo wa kutuokoa, inaweza kupendwa. Ndivyo ilivyo kwa watoto wetu pia, hasa mtoto wa kwanza aliyesomeshwa na ukoo mzima, ambaye kila mtu ana mpango na mshahara wake kabla hajaajiriwa.

Na ndivyo ilivyo kwa mchungaji mpya. Nafundisha vijana wanaojiandaa kwa kazi hii, na nimeona jinsi sharika zinavyowapokea. Miezi kabla hajafika habari zake zimekwisha kuenea: anahubiri kwa moto, ana sauti, atamaliza jengo, atawarudisha waliohamia makanisa ya uamsho. Aliyemtangulia analinganishwa naye hadharani, na huyo bado hajafungasha vitanda vyake. Juma la kwanza ni vigelegele. Ikifika robo ya tatu ya mwaka, sadaka haijapanda na paa halijaezekwa, wale waliopiga vigelegele wanaanza kukusanyana kwenye ngazi. Kijana wa miaka 28 amepewa kazi ya Kristo, na kwa kuwa haiwezi, anaonekana ameshindwa ya kwake, ambayo pengine aliifanya vizuri: aliwazika watu vizuri, aliwatembelea wagonjwa, alifundisha kipaimara bila kukosa.

Chaguzi zetu nazo tunazijua, tangu baraza la wazee hadi ofisi za juu. Yapo majina mawili, na kila jina lina watu wanaobishana kwa miezi. Siku ya kura inapokwisha tunamwekea mikono aliyechaguliwa na kumwombea kwa jina. Yule mwingine huwa amekaa mstari wa pili au wa tatu, amevaa kanzu yake, anaimba pamoja na wengine. Ningependa litujie siku moja, ibada ikiwa bado haijafungwa, mtu ashuke madhabahuni amwendee na kumwuliza anajisikiaje.